Chifu aliandika majina, hela hazijaja: je, mkulima aliyesombewa shamba ana fidia ya kudai?

Swali: "Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalisomba shamba la mama yangu kando ya Mto Tana, upande wa Garsen. Ndizi zilikwenda, mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba yakaoza, na miembe kadhaa ikaanguka mtoni pamoja na ukingo wenyewe. Chifu aliandika majina, afisa wa kilimo akapiga picha. Tulipewa mahindi, maharagwe na blanketi, basi. Jirani yetu anapokea hela za mpango wa njaa, HSNP, kwenye kadi yake, na shemeji yangu wa Garissa aliwahi kulipwa bima ya ng'ombe wakati wa ukame. Sisi je? Tunaidai serikali fidia au hatuidai? Kama tunaidai, tumshike nani? Pia kuna kijana anazunguka akisema tukimpa mia tano kila mmoja atatupandisha kwenye orodha." (Msomaji, Kaunti ya Tana River)

Jibu:

Ndugu yangu, mpe mama pole zangu. Naanza na lile usilolitaka ili tusizungushane: kwa mahindi na ndizi zilizochukuliwa na maji, hakuna sheria ya Kenya inayosema mkulima atalipwa shilingi kadhaa kwa ekari. Wengi hukasirika nikisema hivyo, kwa sababu waliona kwa macho yao jina likiandikwa, namba ya kitambulisho ikinakiliwa na picha ikipigwa. Lakini orodha ya chifu baada ya mafuriko huandikwa ili ofisi ya naibu kamishna wa kaunti na mashirika kama Msalaba Mwekundu wajue watapeleka magunia mangapi na mahema mangapi. Ni orodha ya kuhesabu midomo. Hasara ya shamba haikuhesabiwa pale, ndiyo maana hukuulizwa mahindi yalikuwa ya aina gani wala miembe ilikuwa na umri gani.

Katiba ya 2010 imekupa kitu, ila si fidia. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na kwamba serikali itawapa ulinzi wa kijamii wasioweza kujikimu. Jedwali la Nne nalo limeweka kukabiliana na majanga kwenye orodha ya kazi za serikali ya kitaifa na pia kwenye orodha ya kazi za kaunti, ilhali kilimo kimewekwa kaunti. Hapo ndipo wakulima wa mabondeni wanapopotelea. Ukienda kaunti unaambiwa mafuriko ni jambo la Nairobi, ukienda kwa kamishna unaambiwa mashamba yamegatuliwa. Wote wawili wanasema nusu ya kweli.

Turudi kwa jirani yako, maana naona yeye ndiye anayekuuma zaidi. Hela zake hazina uhusiano na mafuriko, na huenda angezipata hata kama mto ungekauka. HSNP ni mpango wa kupambana na njaa unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA. Ulianzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kisha awamu ya tatu ikaongezwa Tana River, Garissa, Isiolo na Samburu. Kaya ziliandikishwa na kupangwa kwa umaskini wao. Zilizoonekana kuwa chini zaidi zikawekwa kwenye malipo ya kawaida, na kiwango kilichozoeleka kimekuwa shilingi 5,400 kwa kila miezi miwili. Mama kama hakuandikishwa wakati ule, au aliandikishwa akaonekana ana mali kwa sababu ya hiyo miembe, hatalipwa hata shamba liende lote.

HSNP ina mkono wa pili, ule wa dharura, ambao huongeza kaya nyingine hali ikiwa mbaya. Huo unafunguliwa na setilaiti. Kila mwezi NDMA hupima ukijani wa mimea katika kila kaunti ndogo na kuupa alama. Alama ikishuka chini ya 20 huo ni ukame mkali, ikishuka chini ya 10 ni ukame uliokithiri, na kwa kadiri inavyoshuka ndivyo kaya nyingi zaidi zinavyolipwa hadi kufikia nusu ya kaya za eneo hilo. Sasa fikiria Garsen mwezi Juni 2024, maji yakiwa yametoka kupungua. Setilaiti inaona nini? Inaona kijani kitupu, majani na magugu mpaka ukingoni. Kwenye kipimo hicho, mwezi ambao mama yako hakuwa na kitu shambani ulikuwa mwezi mzuri. Kipimo hicho kiliundwa kwa ajili ya ukame, na ukame tu ndio kinaousikia.

Hata kwenye ukame wenyewe kipimo hiki kina upofu wake. Wewe wa Tana unaujua mathenge. Mti ule mizizi yake hushuka chini sana, ukabaki kijani wakati nyasi zote zimekufa na ng'ombe wanalala njaa chini yake. Mahali palipojaa mathenge, picha ya angani inaweza kuonyesha malisho yasiyokuwapo. Wataalamu wa bima wanalijua hilo na kuna namna za kurekebisha hesabu, lakini mfugaji anayetazama ng'ombe wake wakikonda huku akiambiwa eneo lake ni kijani ana haki ya kupaza sauti.

Shemeji yako wa Garissa naye alilipwa kwa kipimo kinachotazama kutoka angani vilevile, ila huko ni bima. Bima ya mifugo ya namna hii ilijaribiwa kwanza Marsabit mwaka 2010 na watafiti wa taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake, KLIP, kwa Wajir na Turkana, baadaye ukaenea hadi kaunti nane, Garissa na Tana River zikiwamo. Serikali ililipa ada yote kwa kaya zilizochaguliwa, kwa kiwango cha ng'ombe watano, au mbuzi na kondoo hamsini, maana kumi kati ya hao huhesabiwa kama ng'ombe mmoja. Malisho yakishuka kupita kiwango kilichowekwa, kaya zote zilizokatiwa bima katika eneo hilo zinalipwa, awe amefiwa na mnyama au la. Nia ilikuwa hela zifike mapema mfugaji anunue majani na maji kabla ng'ombe hajaanguka. Februari 2017, ukame ulipotangazwa kuwa janga la kitaifa, zaidi ya shilingi milioni 200 zililipwa kwa kaya zipatazo 12,000.

Mpango huo ulifuatiwa na DRIVE, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2022, na tofauti yake ni kubwa: mfugaji sasa anachangia sehemu ya ada mwenyewe, serikali inajaza iliyobaki. Kama mama ana mbuzi, ulizeni kwa afisa wa mifugo wa wadi ni lini dirisha la kununua linafunguliwa. Linafunguliwa kabla ya mvua na kufungwa mvua zikianza, ukichelewa umechelewa. Na tena, ni kwa ajili ya ukame. Mbuzi akisombwa na maji, bima hii haimjui.

Bima ya mazao ipo, na hiyo ndiyo ambayo ingekufaa zaidi kama ingekuwapo kijijini kwenu. Ilianza 2016 Bungoma, Embu na Nakuru kwa wakulima wa mahindi, serikali ikilipa nusu ya ada. Haitazami sababu. Wakati wa mavuno wapimaji huingia mashamba ya eneo zima, wakavuna vipande vichache na kupima. Wastani wa eneo ukiwa chini ya kiwango kilichokatiwa bima, wote walionunua wanalipwa, yawe ni maji, jua au viwavi. Ubaya wake kwa watu wa mtoni ni kwamba hasara yenu iko kwenye ukanda mwembamba kando ya maji, na wastani ukichanganywa na mashamba ya juu unapanda. Mama anaweza kupoteza kila kitu na wastani ukasema eneo limevuna.

Hapa niseme jambo linalonichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Kama mahindi hayohayo yangeliwa na kiboko usiku mmoja kabla ya maji kuja, mama angekuwa na dai la kisheria. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inatoa fidia kwa mazao yaliyoharibiwa na tembo, kiboko, nyati na wanyama wengine waliotajwa, kwa bei ya soko. Unaripoti kwa shirika la wanyamapori, KWS, fomu inajazwa, afisa wa kilimo anathamini hasara, kamati ya kaunti inakaa. Malipo huchelewa miaka, hilo kila mtu wa Tana, Taita na Kwale analijua, lakini deni limeandikwa na serikali haiwezi kusema halipo. Anayetaka kujua fidia ya kisheria inafananaje aitazame hiyo: mnyama ametajwa, hasara imetajwa, anayelipa ametajwa, na masharti yametajwa pia, kwa mfano kwamba usilipwe kama hukuchukua hatua yoyote ya maana kulinda shamba. Kwa mafuriko hakuna hata moja kati ya hayo. Basi kama siku hizi viboko wameanza kupanda shambani, na baada ya mafuriko hupanda kweli, ripoti siku ileile.

Jamaa zetu walioko Marekani hushangaa wakisikia haya, kwa sababu huko mfugaji anayepoteza ng'ombe kwa tufani au baridi kali anaweza kudai asilimia 75 ya bei ya wastani ya mnyama, na tangu sheria ya kilimo ya 2014 mpango huo ni wa kudumu, haungoji tamko la kiongozi. Lakini hata huko asiyekuwa na kumbukumbu ya idadi ya mifugo yake kabla ya janga hupata taabu. Hilo la kumbukumbu nitalirudia.

Vipi kuhusu mabwawa? Nimeulizwa na wengi wa Hola na Garsen: maji si yalifunguliwa kule juu? Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yamepangana kwenye mto huohuo, na Masinga likijaa, ziada lazima ishuke kwenu. Hii sasa ni kesi ya mahakamani, ya kuthibitisha uzembe: kwamba maji yaliachiliwa vibaya au bila onyo, na kwamba hayo ndiyo yaliyoharibu shamba hili hasa. Mwenye bwawa atajibu kwamba mafuriko makubwa ya 1961 yalikuja kabla ya bwawa lolote kati ya hayo kujengwa. Mkulima mmoja mmoja asithubutu peke yake. Kijiji kizima kikiwa na tarehe za maonyo yaliyotolewa au yasiyotolewa, picha zenye tarehe na wakili anayejitolea, hapo kuna la kuzungumza.

Basi mumshike nani? Mimi ningeshika kaunti, kwa sababu huko ndiko kuna mfuko ambao sheria yake unaweza kuisoma na kuiulizia. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, kwa kikomo cha asilimia mbili ya mapato yake ya mwaka uliokaguliwa. Waziri wa fedha wa kaunti anaweza kutoa hela humo bila kungoja bajeti, iwapo hitaji ni la haraka, halikutazamiwa, na linatishia maisha au ustawi wa watu au mazingira. Akishatoa, ana miezi miwili ya kupeleka hesabu kwenye bunge la kaunti ili apate idhini. Baadaye matumizi ya hazina huandikiwa taarifa yake na kupelekwa kwa Mkaguzi Mkuu. Kwa hiyo kila shilingi iliyotoka humo kwa ajili ya mafuriko ya 2024 imeacha alama angalau mara mbili kwenye karatasi za umma.

Angalia neno hilo "halikutazamiwa". Mto Tana hufurika. Watu wa bondeni wamelima kwa maji yake yanayopanda na kushuka tangu zama za babu zao, na mpunga wa Tana ulitegemea hilo. Jambo linalotokea mara kwa mara haliwezi kukaa milele kwenye hazina ya dharura. Linapaswa kuwa na fungu lake kwenye bajeti ya kawaida: mbegu za kupanda maji yakishuka, miche ya ndizi na miembe, mafuta ya kuchimbua mifereji iliyozibwa na tope. Kwa maoni yangu hilo ndilo dai lenye nguvu, na lina tarehe zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa sera ya fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Vikao vya umma hufanyika katikati ya tarehe hizo. Wakulima wengi hufika kwa gavana mwezi Mei wakiwa wamelowa, wakati makadirio yameshaandikwa. Fikeni Novemba mkiwa wakavu, na muwe na barua iliyotiwa saini na wenye mashamba wote wa kijiji. Mwakilishi wadi anaihesabu barua yenye majina themanini tofauti na malalamiko ya mtu mmoja barabarani.

Kabla ya hapo, ulizeni lililopita. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Usiombe fidia kwenye barua hii, omba habari. Kitu kama hiki kinatosha:

"Kwa Katibu wa Kaunti. Kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nijulishwe: ni kiasi gani kilitolewa kutoka hazina ya dharura ya kaunti kwa ajili ya mafuriko katika miaka ya fedha 2023/2024 na 2024/2025, kiasi gani kati ya hicho kilikwenda kwa wakulima na kwa njia gani, nipewe nakala ya tathmini ya hasara ya mashamba katika wadi yetu, na nijulishwe kama jina la mama yangu, mwenye kitambulisho namba hii, limo katika tathmini hiyo."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Nakala ya tatu mpe mkuu wa idara ya kilimo. Siku 21 zikipita kimya, au wakikukatalia, una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Ombudsman, tume inayoshughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi. Wanaweza kukutoza gharama ya kutoa nakala tu. Nimeona barua za namna hii zikifanya kazi ambayo ziara nyingi ofisini hazikufanya, pengine kwa sababu mtumishi wa umma anaogopa karatasi yenye muhuri wake mwenyewe.

Sasa mambo ya mama. Yafanye hata kama kaunti haijibu. Kwanza kitambulisho na laini ya simu: malipo mengi ya msaada hukwama kwa sababu laini imesajiliwa kwa jina la mtoto, au namba ya kitambulisho imekosewa tarakimu moja, mfumo ukamkataa bila kumwambia. Laini iwe yake. Pili, hakikisha yumo kwenye usajili wa wakulima ule unaotumika kwa mbolea ya ruzuku. Mara nyingi mbegu za msaada sasa hugawiwa kwa orodha hiyo, na asiyemo humo haonekani. Kama amefikisha miaka 70, muulizie Inua Jamii, hela za serikali kwa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, ambayo haijali kama alifurikiwa au la. Na uandikishaji wa HSNP ukirudi kijijini awepo nyumbani, ajibu mwenyewe, aeleze miembe imekwenda.

Kumbukumbu nilizotaja: chukua simu yako leo, shamba likiwa zima, upige picha kutoka pembe zote, jengo au mti unaojulikana uonekane nyuma. Andika daftarini umepanda nini, lini, vipande vingapi, na umevuna magunia mangapi msimu uliopita. Maji yakija tena, piga picha siku hiyo, kisha mwite afisa wa kilimo wa wadi ndani ya wiki hiyohiyo wakati mabua bado yanaonekana. Tope likikauka na magugu yakiota, shamba lililopoteza kila kitu na shamba ambalo halikulimwa kabisa yanafanana.

Mwisho, kijana wa mia tano. Usimpe, na waambie majirani wasimpe. Orodha ya chifu ya 2024 ilikuwa ya chakula na mahema, haina malipo yoyote ndani yake. HSNP hupanga kaya kwa umaskini wao kutokana na majibu ya dodoso, si kwa mia tano za mtu. Anachokusanya ni mia tano zenu, na pengine namba za vitambulisho na za simu, ambazo zina thamani kwake kuliko hizo mia tano. Kama ameshachukua namba ya siri ya M-Pesa ya mtu yeyote hapo kijijini, ibadilishwe leo. Kisha mpelekeni jina lake kwa chifu, na kama chifu ndiye aliyemtuma, tume ya kupambana na ufisadi, EACC, hupokea taarifa hata zisizo na jina la mtoaji.